Bi Keziah Haslam, Aliyewachemshia Maji Waliotufunga

Marehemu Keziah Haslam, binti wa mzee Amos Entwistle, mfumaji, na mkewe Ruth, alizaliwa tarehe 3 Novemba 1864 katika nyumba namba 9, Mtaa wa Tenter, hapa Thornshaw. Alikuwa mtoto wa nne kati ya saba. Alibatizwa katika kanisa hili hili la Ebenezeri tulimokusanyika, na maisha yake yote hakuuhama mtaa ule. Alihama nyumba tu, tena mara moja. Mimi ninayesoma haya ni Wilfred Pomfret, mkwe wake, mume wa Alice. Familia imenichagua kwa sababu sauti yangu inafika hadi viti vya nyuma, na nadhani pia kwa sababu katika habari hii mimi ni mmoja wa wakosaji.

Alianza shule ya kanisa akiwa na miaka mitano. Alipotimiza kumi akawa nusu wa shule na nusu wa kiwanda, kama watoto wote wa hapa wakati ule: alfajiri mpaka adhuhuri kwenye mitambo ya pamba, mchana kwenye dawati. Mwenyewe alisema mwalimu alimwamsha mara nyingi kuliko alivyomfundisha. Hata hivyo alijua kusoma, na mwandiko wake ulikuwa mzuri. Hesabu za kugawanya hazikumwingia kabisa, lakini katika kugawa chakula mezani hakuna aliyempata.

Alipofika miaka kumi na mitatu aliingia kiwandani siku nzima, akasimamia mitambo minne ya kufuma hadi alipopata mtoto wa kwanza. Kelele za mle ndani zilimfundisha kusema kwa sauti kubwa na kusoma midomo ya watu. Wale waliozoea kunong'onezana ibadani juu ya kofia yake wanalijua hilo, kwa maana aliwajibu wakiwa bado wako upande wa pili wa kanisa.

Tarehe 30 Aprili 1887 alifunga ndoa na Enoch Haslam, fundi seremala. Walijaliwa watoto watatu: Seth, Alice na Edith. Mwaka 1899 klabu yetu ya Thornshaw Rovers ilimwajiri Enoch awe mtunza uwanja, wakahamia ile nyumba ndogo iliyo kwenye kona ya uwanja, mwisho wa mtaa. Enoch alikata nyasi na kuchora mistari. Jezi, soksi, chai na moto wa bafu vikawa vya Bi Keziah, na sikumbuki kusikia kwamba kuna mtu aliyemwuliza kama anavitaka.

Sasa niuseme msimu wa 1906 hadi 1907, maana nikiuruka hamtanisamehe. Tulikuwa Daraja la Pili, timu ishirini. Tulicheza michezo thelathini na minane, tukashinda minne. Tulifungwa mabao mia moja na manne, na beki wa kushoto wa timu hiyo ndiye huyu mnayemtazama.

Bafu letu lilikuwa moja, chini ya jukwaa, la kutosha watu kumi na mmoja waliozoeana. Tangi la shaba, lenye tanuri la makaa chini yake, lilichemsha maji ya kulijaza bafu mara moja tu. Kulijaza tena kulitaka saa nzima. Desturi ya viwanja vingi wakati ule ilijulikana. Wenyeji huoga kwanza, wageni hupata maji yaliyobaki au ndoo ya baridi, kisha mbio kuwahi treni. Nasi tulipokuwa ugenini tulitendewa hivyo hivyo.

Jumamosi ya tarehe 20 Oktoba walikuja watu wa kusini kabisa, safari ya kutwa. Mvua ilinyesha tangu kipenga cha kwanza, wakatufunga sita bila. Tulikuwa tumeshavua buti pembeni ya bafu Bi Keziah aliposukuma mlango.

"Tokeni," akasema.

Nahodha wetu, Jabez Crook, alidhani kuna moto. "Kumetokea nini, Mama Haslam?"

"Winga wao yuko pale nje ananawa damu ya goti kwa maji ya ndoo, meno yanagongana. Ana saa saba za treni mbele yake. Tokeni, waingie wao."

Enoch akaja mbio. "Keziah, wewe! Hawa watu wametufunga sita!"

"Wamewafunga ninyi. Mimi hawajanifunga."

Basi tukatoka na soksi mkononi, wageni wakaingia, nasi tukaoga baada yao katika kitu ambacho kwa heshima ya mahali hapa nitakiita maji. Nilitoka mchafu kuliko nilivyoingia. Wakati huo nilikuwa nimeanza kumchumbia Alice, na nilidhani uchumba unanipa haki ya kulalamika.

"Mama, sisi je, maji safi lini?"

"Ukitaka maji safi, Wilfred, funga mabao upashe mwili joto."

"Mimi ni beki, mama."

"Basi zuia!"

Kuanzia siku ile ikawa sheria, na baada ya kuoga aliwapakulia wageni nyama ya kondoo na viazi vya kuokwa, wakapanda treni wamekauka na wameshiba. Sisi tuliendelea kufungwa. Mwezi Januari viongozi wa klabu walimwandikia barua kumwagiza aache, kwa kuwa wachezaji wanavunjika moyo. Aliisoma, akaigeuza, akajibu nyuma yake kwa ule mwandiko mzuri: "Nyumba ni yenu na uwanja ni wenu. Moto nauwasha mimi." Hakuna kiongozi aliyekuwa tayari kuamka alfajiri kupepea makaa, kwa hiyo jambo likaishia hapo.

Mwezi Aprili tukamaliza wa ishirini kati ya ishirini. Mnajua maana yake. Timu tatu za mwisho huenda kwenye mkutano mkuu kuomba zibakizwe kwenye ligi, na wapigakura ni klabu nyingine, zile zile zilizokuwa zikitufunga. Ukinyimwa kura, unarudi kucheza na timu za vijiji, mashabiki wanakukimbia, na haupiti muda uwanja unajengwa nyumba. Nyumba ya kona ingekwenda pamoja na uwanja, na familia nzima ya Haslam ingetafuta pa kulala.

Lawama zote zikamwangukia yeye. Kwenye foleni ya samaki mtu mmoja alimpigia kelele, "Unawaogesha wageni, wetu wanacheza na mafua!"

"Wetu walikuwa wakifungwa kabla ya mafua," akamjibu, akachukua samaki wake akaenda zake.

Lakini Alice anakumbuka kwamba wiki ile ya mkutano mama yake hakula chakula cha maana. Alizifua jezi zote, akazipiga pasi, kisha akazifua tena ilhali hazikuwa zimevaliwa. Aliogopa sana, ndugu zangu, na mbele ya watu hakuonyesha hata kidogo.

Mkutano ulifanyika London, Ijumaa ya tarehe 31 Mei 1907. Mwenyekiti wetu, Bwana Septimus Greenhalgh, alikwenda na hotuba ya kurasa sita kuhusu njia ya reli, idadi ya wakazi na mustakabali wa pamba. Siku ya pili yake alishuka kwenye treni, akapita moja kwa moja hadi nyumba ya kona bila kupitia nyumbani kwake mwenyewe. Alimkuta Bi Keziah amepiga magoti akisugua kizingiti.

"Inuka, Mama Haslam."

"Ngoja nimalize kona hii."

"Tumebaki."

Akaacha kusugua. Bwana Greenhalgh akamweleza, kofia mkononi, jinsi alivyokuwa kwenye ukurasa wa pili mjumbe mmoja wa kusini alipomkatiza: "Samahani, bwana, ninyi si ndio wa kule kwenye maji ya moto?" Ukumbi ukacheka. Mwingine akadakia, "Na viazi!" Wa tatu akasema, "Keti, mzee wangu, tumeshakuelewa." Aliketi na kurasa zake nne hazijasomwa hadi leo. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tulipona kwa kura mbili.

Bi Keziah alijifuta macho kwa aproni. Kisha akamwambia mwenyekiti, mwenye kiwanda na watu mia nne chini yake, "Usikanyage hapo, pangali pabichi."

Msimu uliofuata tulimaliza wa kumi na moja, na hatujaomba kura tena. Watu wa Thornshaw hupenda kusema tuliokolewa na Jabez Crook na mabao yake. Jabez mwenyewe, aliye pale safu ya tatu, ataniunga mkono nikisema sivyo. Naona fahari kusema kwamba nilichezea timu mbovu kuliko zote za daraja lile, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na mwanamke huyu.

Yalimpata magumu pia. Seth aliuawa huko Ufaransa mwaka 1917, na Enoch alifariki mwaka 1921. Klabu ilimwachia nyumba, naye aliendelea kuwasha moto hadi mwaka 1929 lilipoletwa boila jipya lenye mabomba. Hakuliamini. Kila Jumamosi aliingia bafuni kabla ya mchezo kwisha, akachovya kiwiko chake majini, akatoka bila kusema neno, na hapo ndipo tulipojua kuwa yanafaa.

Kifua kilianza kumsumbua mwezi Novemba mwaka jana. Daktari alimkataza ngazi, baridi na kuzungumza. Alitii mawili ya kwanza. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 6 Februari 1934, alimwuliza Alice, "Jumamosi tunacheza na nani?" Akaambiwa. "Wanatoka mbali?" "Mbali, mama." "Basi wawashe mapema." Alifariki saa nne asubuhi hiyo, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa.

Jirani yetu Bi Dearden, ambaye huwaandaa marehemu wa mtaa huu, alijaza beseni maji ya bomba kama ilivyo kawaida. Alice akamshika mkono. Akavuka uwanja, akawasha makaa chini ya lile tangi la zamani la shaba, ambalo halikuwa limewashwa kwa miaka mitano.

"Mwanangu," Bi Dearden akamwambia, "marehemu hasikii baridi."

"Najua," akasema Alice.

Wakakaa wakasubiri saa nzima, hata maji yakawa tayari, ndipo wakamwosha.

Marehemu ameacha mabinti wawili, Alice Pomfret wa hapa Thornshaw na Edith, aliyeolewa Kanada; wakwe wawili; wajukuu watano; dada yake Hannah; na klabu moja ambayo ingali kwenye ligi. Kwa agizo lake mchezo wa leo haukuahirishwa. Utaanza saa tisa alasiri, na boila limeshawashwa.

Leo mgeni ni yeye, naye ametoka safari ndefu. Huko alikofika na apokelewe kwa maji ya moto, aoge wa kwanza, kisha apumzike kwa amani.