Herufi Zinahamia Wapi?

Mheshimiwa Diwani wetu, Mkuu wa shule Mwalimu Melkizedeki, walimu wangu, wazazi mliotoka Olasiti na hata Ngaramtoni, wanafunzi wenzangu, na wewe tunayekuaga leo, Mwalimu Hedwiga: shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za mchana.

Naitwa Aika Sumari, wa kidato cha nne. Mnaona sijashika karatasi. Si majivuno. Nimeyakariri maneno haya kwa siku tisa, kwa sababu nikisoma mbele za watu huwa najikwaa kila mstari, na leo sikutaka kujikwaa.

Nikiwa darasa la tatu tuliandika insha kuhusu baba. Mimi b na d zilikuwa zinanichanganya. Nikaandika, "Dada yangu ana ndevu. Dada yangu analima kahawa." Mwalimu akaisoma kwa sauti. Nalepo, niliyekaa naye dawati moja, akauliza, "Sasa huyo dada yako ananyoa wapi, Aika?" Darasa zima likacheka, nami nikacheka. Ningefanyaje? Hadi darasa la saba walinisalimia, "Dada Ndevu, mambo!"

Lakini kilichonichosha si utani, ndugu wageni waalikwa. Kilichonichosha ni maneno mawili yaliyokuja kwenye ripoti kila muhula: Ongeza bidii. Nikaongeza. Wenzangu waliposoma kurasa kumi, mimi nilisoma mbili, kichwa kikiniuma, na mbili hizo nilizipenda kuliko wao walivyozipenda zao kumi. Baba alishika ripoti, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, bidii nyingine tuitoe wapi?" Je, mtu aongeze nini pale alipokwisha kumaliza vyote?

Nilipofika kidato cha kwanza, Mwalimu Hedwiga alinikuta maktaba nimelalia kitabu.

"Unasinzia?"

"Hapana, Mwalimu. Herufi zinahama."

Nilisubiri anifokee. Akavuta kiti, akakaa.

"Zinahamia wapi?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamwonyesha kwa kidole. Akachukua karatasi ngumu ya manila, akakata kidirisha cha mstari mmoja, akaiweka juu ya ukurasa ili nione mstari mmoja tu kwa wakati. Baadaye akaniambia hali hii ina jina, disleksia, na kwamba si uvivu wala si laana. Tangu hapo, kila mapumziko ya saa nne, alinisomea. Chai yake ilipoa mezani kwa miaka minne. Mwalimu, sijui kama nimewahi kukuomba radhi kwa chai hiyo.

Sijapona. Nasema hivyo kwa sababu kwenye sherehe watu hupenda kusikia kwamba mtu amepona. Bado nasoma polepole, na bado nachoka.

Mwalimu Hedwiga ameandika barua ya kuomba nisomewe maswali kwenye mtihani wa mwisho na niongezewe muda. Barua ipo ofisini, na mwisho wa kuipeleka ni Ijumaa hii. Inasubiri sahihi moja. Mkuu wa shule, uliniambia, "Tutaona, binti," na najua una mengi. Ila aliyekuwa akikukumbusha anaondoka leo, nami nina aibu. Nikifika mlangoni kwako hugeuka nikarudi darasani. Nimegeuka mara tatu wiki hii. Ndiyo maana nalisema hapa, mbele ya mgeni rasmi na wazazi, ambapo siwezi tena kugeuka.

Mwalimu Hedwiga, nenda Sekei ukapumzike, unywe chai ya moto. Mungu akutunze.

Na Mkuu wa shule, siombi alama hata moja ya bure. Naomba mtu wa kunisomea swali tu. Jibu nitaliandika mwenyewe.

Kwa kunivumilia na kunisikiliza, asanteni sana.