Betri la Ndola

Mwaka ule wa tisini na nne, mambo yakiwa ruksa na magari ya mitumba yakimiminika hadi vijijini, kijiwe cha kahawa cha Lazaro pale njia panda ya Njisi kilijipatia mteja mwenye gari lake. Aliitwa Zebedayo, ila wote walimwita Ndola, kwa kuwa kila alichosimulia kilianza na “nilipokuwa Ndola.” Alifika Ndola, Lilongwe na Beira, na kote huko, kwa kauli yake mwenyewe, alifukuzwa kazi kwa heshima. Jumanne moja pikapu yake, iliyotakiwa kumpeleka mgonjwa hospitali, ilikataa kuwaka. Watu wa kijiwe wakaisukuma, matope ya masika yakaishika. Mgonjwa huyo, mama mzazi wa jirani yao Andongwisye, pumu ikiwa imembana, akapakiwa kwenye baiskeli kupelekwa hospitali ya Kyela, akakata roho kabla ya kufika barabara kubwa. Walimzika Alhamisi. Ijumaa asubuhi, matanga yakiendelea nyumba ya pili kutoka hapo, Ndola alikaa kwenye benchi na hakuwa na habari yoyote ya Ndola.

— Gari lilikufa ghafla, alisema, akiitazama pikapu iliyosimama hatua kumi mbele yao. Asubuhi liliwaka. Mchana nasikia tik, basi.

— Betri za siku hizi! alidakia Anyisile, jina la kijiweni Forodha, kwa vile alikuwa akivuka mto Songwe, mpaka wa Malawi, na magunia yake bila kuonana na mtu wa forodha. Zile za zamani zilikuwa na risasi ndani. Hizi wanatia maji ya bahari na lebo.

— Si betri, alisema Lazaro, akimmiminia Forodha kahawa. Ni kakao. Umebeba kakao mbichi mwezi mzima, Ndola. Ile harufu yake chachu inakula chuma. Mlango wa ghala langu umeliwa hivyo hivyo.

— Kakao haina meno, bwana, alisema Forodha.

— Na mlango wangu umeliwa na nini?

— Na wewe kutoupaka rangi!

Hakuna aliyecheka sana.

— Mimi nitasema msilolitaka, alisema Forodha akishusha sauti. Karonga, ng'ambo ya mto, kuna jamaa, betri lake liliota unga mweupe kama ule tuliouona kwenye betri la Ndola. Anaufuta, unaota. Anaufuta, unaota. Kumbe betri lilitolewa kwenye gari la marehemu. Unga ule ni mvi zake.

— Tobaa! Mvi?

— Mvi. Betri linazeeka kwa niaba yake.

Ndola alitamani iwe kweli. Kama ni mvi za marehemu wa Karonga, basi yeye hana kosa.

Eliya, fundi redio waliyemwita Waya, alikuwa mwishoni mwa benchi akiitazama boneti. Sasa akainuka.

— Ndola, ule unga uliufanyaje?

— Niliupaka mawese.

— Juu kwa juu?

— Vizuri kabisa! Chuma kikipakwa mafuta hakishiki kutu, hata mtoto anajua.

— Ulifungua waya kwanza?

— Nifungue ya nini, na gari lilikuwa linawaka?

Waya alifunua boneti. Vichwa vya betri vilikuwa vimefunikwa na uji mzito wa rangi ya chungwa, sisimizi wamejaa. Chini yake unga ulikuwa umetambaa mpaka ndani ya vibano vya waya.

— Umeufungia ndani, kaka. Unga ukiingia kati ya kibano na kichwa, umeme haupiti. Lazaro, nipe maji ya moto na kipande cha magadi.

— Magadi ni ya maharage!

— Leta.

Alifungua vibano kwa spana, akamwagia maji yale ya magadi. Unga ukachemka povu. Akasugua kwa msasa, akakausha kwa shati lake, akafunga vibano mpaka havichezi. Mwisho akapaka grisi kwa juu, kidogo tu.

— Mafuta ni kitu cha mwisho, alisema. Jaribu.

Ndola aliingia, akaomba moyoni isiwake. Akazungusha ufunguo. Pikapu ikanguruma mara moja, kwa afya tele. Aliizima upesi kama aliyefumaniwa.

Kahawa aliyomiminiwa Forodha ilikuwa bado inatoa moshi.

Kutoka kwenye matanga alikuja Hosiana, binti wa marehemu, dada yake Andongwisye aliyeolewa Karonga, aliyefika kaburi likiwa limeshafukiwa. Kitenge kiunoni, miguu mitupu.

— Mugonile, aliwaamkia kwa Kinyakyusa.

— Ndaga, mama, waliitikia. Pole sana.

— Nimesikia gari. Ndilo lile?

— Ndilo, alisema Waya.

— Mmelitia betri jipya?

— Hapana, mama. Ni lile lile.

— Mmelifanyaje?

Waya alimtazama Ndola. Ndola alishuka, akashika mlango.

— Tumeliosha, mama. Kwa maji ya moto na magadi.

Hosiana alilitazama birika la Lazaro, lililokuwa likichemka juu ya makaa. Kisha alimgeukia Ndola, akamwita kwa jina la mwanawe, akauliza kwa upole, kama mgeni anayeulizia njia:

— Na Jumanne, baba Tumpale, maji ya moto hayakuwepo?

Ndola alikuwa bado ameshika mlango. Lazaro akageuza uso. Forodha alichungulia kikombe chake. Waya alisogea, akamwachia nafasi kwenye benchi, lakini Hosiana hakukaa. Alibaki amesimama, akingoja kujibiwa.