Orodha ya Wapoteza Mbuzi

Gari moshi lilipoondoka Bahi, Jumbe Chidumizi alimweleza abiria wa kando yake, Mwalimu Abbasi wa Kondoa, jinsi alivyoitimiza amri ya shule ya Serikali. "Bwana Shauri, yule Mdachi mkuu wa wilaya, ametaka watoto kumi. Nimempa wote wanaopoteza mbuzi."

"Na wachungaji hodari, mzee wangu?"

"Wamebaki na ng'ombe, akiwamo mjukuu wangu Lechipya. Wewe ungempa mgeni fahali wako wa mbegu?"

Abbasi alicheka hata kofia ikamteleza. "Basi jiandae kuwaamkia! Hao ndio watakaokuwa makarani na maakida, wakubwa wa ninyi majumbe, na Lechipya atawachungia."

Jumbe alikuwa ameamua kesi miaka ishirini bila kulitilia shaka neno lake mwenyewe, lakini hili hakuliona kichwa wala miguu. Aliyeshindwa na mbuzi ataachiwaje watu? Na Lechipya akienda shule, ng'ombe watabaki na nani?

Akaitoa orodha aliyokuwa akiipeleka bomani Dodoma. "Mwalimu, una kalamu? Futa mmoja, umwandike Lechipya."

"Nimfute nani?"

"Yeyote. La, ngoja, usiandike kwanza."

Gari likapiga mlio, likasimama Dodoma, na kalamu ingali juu ya karatasi.