Karanga za Kocha

Ndugu, jirani na marafiki, tumekuja kumsindikiza shangazi yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Kocha. Mtaona kwamba kwenye jalada la ratiba hii hatukumwandika daktari. Mpiga chapa hakukosea. Marehemu aliagiza hivyo mwenyewe, kwa kuwa hakuwahi kufika mbele ya jopo la watahini.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1979, mtoto wa tatu na binti pekee wa dereva wa lori na mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Mama yake husimulia kwamba alitembea kabla ya kutambaa. Kaka zake wanalipinga jambo hilo hadi leo.

Alisoma shule ya msingi iliyopakana na kiwanda hicho, kisha sekondari ya bweni, ambako alikimbia mita mia nane na kurudi nyumbani na vikombe vya bati. Mwaka 2001 alihitimu chuo cha ualimu, akapangiwa kufundisha michezo katika sekondari ya wasichana. Kabla ya mazoezi aliwauliza wanafunzi wamekula nini, na aliyekuja na njaa hakumruhusu kukimbia. "Gari halina mafuta, unalisukuma uende wapi?" alikuwa akisema.

Hapo shuleni ndipo alipokutana na mumewe, fundi majokofu. Marehemu alisimama nyuma yake jikoni akimuuliza kwa nini maziwa yamewekwa jirani na vitunguu.

"Mwalimu, nimeitwa kutengeneza friji, sikuja kufanya mtihani," fundi alisema.

"Basi umeshafeli," akamjibu.

Walifunga ndoa tarehe 12 Agosti 2006, wakajaliwa binti na mwana.

Mwaka 2018 marehemu alianza masomo ya shahada ya uzamivu katika sayansi ya mazoezi na lishe. Alitaka kujua kama wazee wakizoezwa kuinuka kitini bila kujishika, na wakiongezewa chakula cha kujenga misuli, miguu yao itapata nguvu upya. Aliwachagua wazee wa mtaa wa mama yake, na mama ndiye aliyejiandikisha wa kwanza. Walikutana katika ukumbi wa mtaa, viti vya plastiki vimepangwa ukutani. Baada ya mazoezi kila mmoja aliondoka na pakiti za karanga za kukaanga, kwa kuwa hazihitaji friji wala jiko. Kila wiki aliwauliza kama wamekula. Mama alijibu, "Tumekula, mwanangu, tunashukuru," na wengine wakaitikia.

Mwishoni alipowapima, miguu ilikuwa vilevile. Profesa aliyemsimamia alisema, "Ama mazoezi yako hayafai, ama karanga hazifiki tumboni."

Alasiri moja marehemu alikuwa ameketi mlangoni kwa mama yake. Mjukuu wa jirani akaja, akanyoosha mkono. "Bibi, zetu za leo ziko wapi?"

Mama akainamisha uso.

"Mama, karanga unawapa watoto?"

"Nizitafune kwa meno gani?"

Kisha mama akafungua mdomo. Kwa miaka alikuwa akicheka huku amejifunika kwa ncha ya mtandio, na bintiye alidhani ni adabu.

"Mbona hukusema, mama?"

"Ulikuja na wenzako wa chuo, wamevaa makoti meupe. Niseme mama wa mtaalamu wa chakula ni kibogoyo? Mimi niliposema nimekula, na wenzangu wangesema nini?"

Mzee mmoja mshona viatu alijaribu kumfariji. "Usihuzunike, Kocha. Waangalie wajukuu zetu mashavu yao. Utafiti wako umefaulu, ila umekosea umri."

Marehemu hakucheka. Alimwambia mumewe, "Ninapima chakula cha watu, na kinywa cha mama yangu sijawahi kukitazama." Mwenzake chuoni alimshauri aandike kwamba wazee hawakufuata maelekezo, apate kumaliza. Alikataa, akasema wao hawakukosa kufuata, ila yeye alikosa kuuliza. Akaanza upya, safari hii kwa karanga zilizosagwa na kukorogwa kwenye uji. Sura ya kwanza ya tasnifu yake inaeleza alivyokosea. Katika sura ya mwisho, mwanamke wa miaka sabini na minne anainuka kitini akiwa amekunja mikono kifuani. Huyo ni mama yake.

Mwishoni mwa mwaka 2023 chakula kilianza kumkwama kooni. Nyumbani alisema amekula chuoni, na chuoni alisema amekula nyumbani. Sisi tulimwona anapungua, tukampongeza. "Kocha, mazoezi yamekukubali." Tunayaandika haya kwa aibu, maana yeye alitabasamu tu, nasi tukaridhika.

Aliyemgundua ni mama yake, ambaye anajua jinsi mtu asiyekula anavyojificha. Alimtazama akisogeza wali huku na huku kwenye sahani, akamwambia, "Mwanangu, mimi nilikuonyesha kinywa changu. Na wewe sema."

Hospitali walikuta saratani ya umio, nayo ilikuwa imeshaenea. Aliwasilisha tasnifu akiwa kitandani, na chuo kikampangia utetezi mwezi Julai. Mama alimlisha uji wa karanga kwa kijiko hadi uliposhindwa kupita. Alifariki tarehe 14 Juni 2024, asubuhi, mumewe na mama yake wakiwa kando yake.

Ameacha mama, mume, watoto wawili, kaka wawili, wapwa saba na wazee wa ukumbi wa mtaa.

Baada ya mazishi tutakula pamoja. Marehemu aliwaagiza wapishi waweke pia sufuria ya uji, na wamuulize kila mtu anachoweza kula. Tukiulizwa, tuseme kweli. Mama yake ametuambia kwamba yeye atakuwa wa kwanza kuuendea uji, na kwamba asije mtu kumshika mkono anapoinuka.

Kocha wetu apumzike kwa amani.