Dawa za Cucu Hazihesabiwi

Bwana asifiwe! Asifiwe tena, maana hiyo ya kwanza mmeitikia kama watu wameamshwa kuchuma majani chai kwa mvua.

Ndugu zangu, mimi ni Wachira, niko kidato cha tatu. Mchungaji ameniambia nishuhudie kwa kifupi na nisichekeshe watu. La kwanza nitajaribu. Leo nashuhudia vile Bwana alimtoa cucu yangu, yaani nyanya, kwenye mdomo wa kaburi, na vile alitumia vyombo vya kuku.

Cucu ni yule amekaa mbele na kitambaa cha kijani, ananiangalia vibaya. Nimerithi jina la guka, marehemu bwana yake, kwa hivyo yeye huniita "mume wangu". Mkisikia hapo nje ati, "Mume wangu, umefungia mbuzi?" msishangae. Kila ndoa iko na changamoto.

Cucu ana presha, na ni mtu wa kumeza dawa kila asubuhi. Shida ni moja: hahesabu. Mnajua wazee wetu. Mbuzi hahesabiwi, mtoto hahesabiwi, ukihesabu unaita mkosi. Muulize ana wajukuu wangapi, atakwambia, "Wako." Sasa akaamua hata dawa ni hivyo hivyo. Kitu kinachokuweka hai utakihesabuje? Si ni kama kujihesabia siku!

Kwa hivyo Mama akimuuliza, "Cucu, dawa iko?" yeye alikuwa anachukua mkebe wake na kuutikisa karibu na sikio la Mama. Chaka-chaka-chaka! "Si unasikia? Ziko." Mama anaridhika, anaenda sokoni. Ndugu zangu, nyumba yetu ilikuwa inatibiwa kwa sauti!

Ikafika ile Jumapili ya mavuno. Mlikuwa hapa. Ibada imeisha, mnada umefika kwa lile boga kubwa kama ndama. Cucu akasimama, akainua mkono. Mnadishaji akapaza sauti, "Cucu ameongeza!" Watu wakapiga makofi. Cucu akainua na mkono wa pili. "Ameongeza tena! Huyu mama ameokoka kweli!" Mimi nikacheka mpaka nikashika mbavu. Kumbe cucu hakuwa na haja na boga. Dunia ilikuwa inamzunguka, anatafuta pa kushika! Akaangukia akina mama wa kwaya, na mimi nikaruka viti kwenda kumshika.

Tukamkimbiza hospitali. Njiani akanishika mkono, akaniuliza kama nimemsamehe kwa kuuza ile ng'ombe nyekundu. Ndugu zangu, hiyo ng'ombe iliuzwa kabla sijazaliwa. Alikuwa anaongea na guka mwenyewe. Nikamwambia nimesamehe. Kisha nikaomba, na kwa mara ya kwanza maishani nikaomba macho yote mawili yakiwa yamefungwa.

Bwana akasikia! Presha ikashushwa, cucu akarudi kwetu. Daktari akamuuliza, "Cucu, umeletwa na nani?"

"Na mume wangu," akasema, akinionyesha mimi na sweta yangu ya shule. Daktari akampima tena.

"Dawa za nyumbani zimebaki ngapi?"

"Ziko."

"Ngapi, cucu?"

"Daktari, wewe watoto wako unawahesabu?"

Mama akautoa mkebe kwenye kiondo, akaumwaga kitandani. Kukatoka vifungo, mahindi ya mbegu, kidonge cha minyoo ya mbuzi, na jino ambalo mwenyewe hajajitokeza mpaka leo. Dawa ya presha? Hata moja!

Daktari akasema dawa zihesabiwe kila wiki, la sivyo safari nyingine hatutamwahi. Tulipofika nyumbani cucu akakataa katakata. "Wacha nikufe, lakini hakuna mtu atanihesabia." Mama akageukia jiko, akalia akijifanya ni moshi. Na mimi nikaogopa, kwa sababu cucu akisema neno, amesema.

Nikamuuliza tu, "Sasa cucu, na huhesabu, mbuzi akipotea unajuaje?"

Akaniangalia vile mke huangalia mume mjinga. "Si naona pahali yake iko wazi?"

Haleluya! Roho akanishukia hapo hapo jikoni! Nikakimbia kwa kuku, nikarudi na trei ya mayai. Tulipoleta dawa mpya, nikakata pakiti zake kwa mkasi, kila kidonge na kanyumba kake ka karatasi, nikaweka kimoja kwa kila shimo. Trei moja, mwezi mzima. Nikaipandisha juu ya kabati, mahali watoto hawafiki.

Sasa kila asubuhi cucu anakagua zizi lake. Juzi akaita, "Hapa kwa mlango wamebaki wachache. Waletewe wenzao kabla hawajamalizika!" Hakuhesabu! Mama alikuwa kliniki kabla ya chai kupoa. Na cucu ndiye huyo mbele yenu, mzima, na nikimaliza hapa atanichapa.

Namshukuru Mungu. Nawaombeni ndugu zangu, kama una mzee nyumbani, usimuulize dawa iko. Mwambie akuonyeshe. Na wewe unayejificha nyuma na presha yako ukisema unangoja maombi, mwamini Bwana, anaponya, mimi nimeona. Lakini kumeza, ndugu yangu, hata malaika hatakumezea.