Aliyelia Kuliko Wafiwa

Mbinga mwezi wa Julai hata jogoo huwika amejikunyata. Ndiyo maana benchi la Masoudi, mkabala na stendi, hujaa kabla jua halijagusa mabati. Masoudi, ambaye babu yake alipanda kutoka Kilwa na mzigo wa chumvi asishuke tena, huweka birika kwenye mkaa, hupanga vikombe, na kungoja wenye benchi. Wa kwanza huwa Hamphrey, aliyeendesha malori ya kahawa mpaka macho yakafifia. Wanamwita Breki kwa sababu mdomo wake hauna. Wa pili ni Mansuetus, aliyekaa muda mfupi kama mzee wa baraza kwenye mahakama ya mwanzo, akabaki Hakimu maisha yake yote. Wa tatu, pembeni, ni Mwalimu Bernadi, mstaafu, aliyemzika mkewe Kunigunda mwezi uliopita, na ambaye tangu hapo alikunywa kahawa yake kimya. Asubuhi hiyo alisema.

— Yule mama wa kitenge cha bluu, aliyelia kwangu kuliko wafiwa. Kuna anayemjua?

— Si shemeji yako wa ziwani? aliuliza Breki.

— Shemeji zangu nawajua. Wao walidhani ni jirani yangu. Majirani walidhani ni shemeji yangu.

— Asiyekuwepo na lake halipo, alisema Hakimu. Ndiyo maana marehemu hakumtambulisha.

— Hakimu, methali hiyo umeiokota wapi? Masoudi alimuuliza.

— Wewe mimina.

Mwalimu aliacha wacheke. Lipo jambo alilokuwa hajamwambia mtu. Siku ya kutawanyika, yule mama alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akasema: “Pole, baba. Msichana aliyevuka mto Ruhuhu na kinu kichwani, mamba wanamtazama, hakuwa wa kufia kitandani.” Kisha akaenda zake.

Mwalimu hakuwahi kusikia habari ya kinu. Kunigunda alikuwa mtoto wa ziwani, na kila alipoulizwa ya usichana wake alicheka tu: “Ya ziwani yaache ziwani.” Mumewe akayaacha, akidhani muda upo. Sasa akiwapigia simu shemeji zake, wanaangua kilio kabla hajauliza. Kama kulikuwa na mtu hapa mjini aliyemjua Kunigunda kabla hajawa mke wa mwalimu, ni yule mama mmoja. Akawaeleza wenzake habari ya kinu, kwa maneno machache.

— Basi huyo na mkeo wamekua pamoja, alisema Masoudi taratibu. Si jambo la kubuni hilo.

— Nami ndivyo nilivyofikiri.

— Wamekua pamoja wapi? Breki akadakia. Huyo mama nilimwona msibani kwa mama yake Azizi. Kajitanda kanga, kaketi na Waislamu, analia kuliko Azizi.

Masoudi aliweka birika chini. — Kweli bwana. Mimi nikajua ni ndugu yao wa Songea.

— Hata kwa Ladislaus, njia ya Kitai, alikuwepo, Hakimu akaongeza. Nilikwenda kwa ajili ya heshima.

— Ulikwenda kwa ajili ya wali.

— Heshima na wali havijawahi kugombana. Nisikilizeni, nitoe hukumu. Yule ni mliaji wa kukodi.

— Nani kamkodi? Mwalimu aliuliza. Mimi sikumkodi.

— Anakodiwa na marehemu mwenyewe, kabla. Mtu anajijua hana wa kumlilia, anapanga mapema. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kunigunda alikuwa na wa kumlilia.

Hakimu alipuliza kahawa yake ambayo ilikuwa imeshapoa.

— Samahani, Mwalimu. Nilisema kwa jumla.

Breki hakuwahi kuona ukimya akaupita bila kupiga honi. — Mimi nawaambia, anapima viwanja. Jicho moja linalia, jingine linatazama mpaka. Kaa hivyo hivyo, Mwalimu, utaamka ukute kigingi kwenye migomba.

— Nyumba ya mama yake Azizi ni ya kupanga, alisema Masoudi. Atapima nini pale?

— Basi liko kubwa kuliko hilo, Hakimu alirudi, safari hii kwa sauti ya chini. Mtu akifa kabla ya uzee, zile siku alizobakiza zinakwenda wapi? Haziwezi kupotea bure. Anayewahi msibani anaziokota. Umri ule, na miguu bado inatembea kuliko bodaboda. Jiulizeni.

— Kwa hesabu hiyo wewe utaishi mpaka kiama. Hakuna msiba unaokupita.

— Yaishie hapo, alisema Mwalimu. Maneno ya namna hiyo yamechoma nyumba za bibi za watu.

Masoudi aliwaongezea kahawa bila kuombwa.

Ndipo bodaboda ikasimama, akashuka binti wa ushungi mweupe, koti zito juu ya sare.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwanetu.

— Samahanini. Leo kuna msiba wapi?

Breki alimtazama Hakimu, Hakimu akamtazama Masoudi, Masoudi akatazama ndani ya birika. Hakukuwa na msiba. Jana haukuwepo, leo haukuwepo. Mji wote ulikuwa umeamka.

— Binti, unatutakia msiba? aliuliza Hakimu.

— Hapana, babu. Naitwa Hasna, nalea wazee pale makaoni. Tuna bibi yetu, Bonifasia. Tangu alfajiri kafunga kitenge chake cha bluu, kaketi getini, chai kaisukuma. Kanituma niulize. Pasipokuwa na msiba hali kitu.

Kikombe cha Mwalimu kilitua kwenye benchi.

— Ni mtu wa ziwani huyo bibi?

— Hapana, babu. Wa Litumbandyosi. Ziwa hajawahi kuliona.

— Alinieleza habari za mke wangu. Alivuka mto na kinu.

— Mama Kunigunda, alisema Hasna, na uso wake ukalegea. Hayo aliyasikia mkekani. Nyinyi wanaume si mnakaa nje na moto? Ndani wale mama wa ziwani walikesha wakimsimulia. Huyu alikaa katikati yao siku zote, akarudi na kila kitu. Mpaka leo ndiyo hadithi zetu za jioni. La kinu, la dagaa wa usipa walioliwa na kunguru yeye kalala, la kucheka kanisani. Mengi.

Mwalimu alikumbuka usiku ule wa nje. Walizungumza mpira na mvua. Ndani wanawake walicheka mara moja, kwa sauti kubwa, naye akaona vibaya.

— Lakini kwa nini misibani? aliuliza Masoudi. Hana watoto?

— Anao. Wa mbali anapiga simu. Wa karibu hana nafasi. Kwetu chakula kipo, blanketi lipo, ila wazee wameshaambiana yote, wamebaki kutazamana. Msibani, anasema, mtu anakuegemea bega. Anakusogezea sahani. Wala hakuna anayekuuliza umekuja kwa nani.

Breki alisogea kwenye benchi, akamwachia Hasna nafasi.

— Nimwambie hakuna msiba? Hasna aliuliza.

— Upo kwangu, alisema Mwalimu Bernadi.

Hakimu alimgusa goti kwa upole. — Mwalimu, matanga tulishaanua. Shukrani nilitoa mimi mwenyewe.

— Mlianua nyinyi.

— Na wanawake wa kukaa naye mle ndani? Nyumba ile sasa ni wewe na paka.

— Nitakaa naye mimi.

— Mkekani? Mwanamume?

— Mkekani.

Alisimama, akafunga vifungo vya koti kimoja baada ya kingine.

— Mwambie marehemu ni yule wa kinu, alimwambia Hasna. Mwambie wote wameshasikia, isipokuwa mfiwa.

Akashuka njia ya kwake kwenda kutandika.