Injinia Rugaibula na Daraja Lililopigiwa Kura

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Bilele hapa mjini na mlioko kwenye vibanja huko Izimbya, sogeeni karibu na redio. Leo sina la kuwachekesha. Injinia Protase Rugaibula ametutoka. Moyo wake ulisimama wiki iliyopita, nyumbani kwake Kitendaguro. Injinia Rugaibula, mjenzi wa madaraja, hatunaye tena.

Alizaliwa upande wa Muleba, mtoto wa wakulima wa kahawa. Mama yake, Ma Kokubanza, yu hai hadi leo. Protase alisomea uhandisi Nairobi, akarudi miaka michache baada ya Uhuru. Siku zile injinia alikuwa mtu wa kuogopwa, jamani! Alikuwa Bwana Injinia. Akisema barabara ipite kwenye kibanja chako, unameza mate, unahamisha migomba.

Ukaja ujamaa, Bwana akawa Ndugu. Wenzake wengine walinung'unika. Yeye alifurahi kama mtu aliyevua kiatu kinachobana. Alibeba mawe pamoja na wanakijiji, akala nao matoke kwenye jani moja. Mkewe, Mama Anatolia, ameniambia kwamba mumewe akirudi na matope hadi magotini, ndipo alipokuwa na raha.

Mwaka 1974 kijiji chake mwenyewe kiliamua kujenga daraja kwa kujitolea. Injinia ndiye aliyelichora na kulisimamia. Saruji ikachelewa. Zege likamwagwa siku chache tu kabla ya Saba Saba, na watu walitaka lori la kahawa livuke siku hiyohiyo ya sherehe. Injinia akasimama mkutanoni, akaeleza kwamba miti inayoshikilia zege isiguswe kabla ya wiki nne. Juu limekauka, ndani bado bichi.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye uchungu. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mtu mwema, na aliamini jambo moja: ya kijiji huamuliwa na kijiji. Akaitisha kura. Ndiyo, wasikilizaji, zege lilipigiwa kura. Wanaosema limekauka, wanyooshe mikono! Ikanyooshwa kila upande. Ma Kokubanza yeye alisimama kabisa, akasema mbele ya wote: "Huyu nimemzaa mimi. Kazi yake haina walakini. Nitavuka wa kwanza."

Vigelegele vikapigwa. Injinia akamtazama mama yake, akatabasamu, akaketi.

Miti ikaondolewa. Saba Saba ikafika. Mama akavuka kwa miguu, anacheza, na daraja likatulia. Nyuma yake likaja lori, vijana wamekaa juu ya magunia ya kahawa wanaimba. Mmoja wao alikuwa Jovitha, mdogo wake Injinia, kitinda mimba wa Ma Kokubanza. Lori lilipofika katikati, daraja likakatika. Wenzake walitolewa na majeraha. Jovitha alitolewa amekufa.

Wakubwa walipokuja kuuliza, Injinia aliwajibu kwamba kosa ni lake. Kura hakuitaja, wala mama yake hakumtaja. Alilijenga daraja upya, akasubiri wiki zake zote, na safari hii hakuna aliyethubutu kuitisha mkutano. Daraja hilo lipo hadi leo, magari yanapita.

Kila Jumapili baada ya misa alilivuka kwenda kula kwa mama yake. Walizungumza kahawa, walizungumza mvua. Jina la Jovitha halikutajwa. Miaka kumi, wasikilizaji wapendwa, mama na mwana wanakula pamoja, na jina hilo halikutajwa.

Watu wengi walisema Injinia aliketi siku ile ya kura kwa kuwaogopa viongozi. Mama yake alijua sivyo. Siku ya mazishi aliomba asogezwe hadi kwenye jeneza, akaweka kiganja juu yake, akasema kwa Kihaya, nami nawatafsiria: "Mwanangu, ungenikatalia tu. Ningekununia siku mbili, yangekwisha."

Nami sioni haya kuwaambia kwamba nililia.

Pole sana, Ma Kokubanza. Pole, Mama Anatolia, na watoto wote. Nasi tuliobaki tujitafakari. Tuliwataka mainjinia wetu wawe ndugu zetu, na ni jambo jema. Lakini ndugu akiketi kimya katikati ya vigelegele vyako, usifurahi. Muulize tena, na akisema hapana, mshukuru.

Mungu ampumzishe Protase. Ampumzishe na Jovitha. Mama, leo tumewataja wote wawili kwa pamoja, na kijiji kizima kimesikia.